iPhone au Android? Lubumbashi tuulize kwanza simu imebakiza miaka mingapi

Kwenye vibanda vya simu vya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na hata katikati ya mji, suala la iPhone na Android limegeuzwa kuwa suala la hadhi. Mwenye iPhone anahesabiwa amefika; mwenye Tecno au itel bado anajitafuta. Ndiyo maana kijana mwenye dola 150 mkononi huacha Samsung mpya iliyo ndani ya boksi lake, akachukua iPhone ya miaka minane yenye kioo kilichokwisha kubadilishwa, na marafiki wakampongeza. Inaniuma, kwa sababu fedha hizo hazikuokotwa. Ni za mwalimu aliyejibana, za mama anayeuza unga, za mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, aliyetumiwa na shangazi yake kutoka Ubelgiji. Watu wanabishania nembo, wakati kinachoamua kama fedha zimekwenda vizuri ni miaka iliyobaki ndani ya simu kabla programu muhimu hazijaikataa. Miaka hiyo haifuati nembo.

Mji huu umeshaona mifumo ya simu ikifa. Aliyekuwa mwanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 2010 anakumbuka jinsi BlackBerry ilivyotamba, watu wakipeana PIN ili wachati kwenye BBM. Nokia na mfumo wake wa Symbian ilikuwa imeingia kila nyumba. Microsoft ilipoichukua biashara ya simu za Nokia mwaka 2014, ilitarajia Windows Phone isimame sambamba na iPhone na Android, haikuweza. BBM ya watu wa kawaida ilifungwa Mei 2019, na Januari 2022 BlackBerry ikazima huduma zilizokuwa zinaziendesha simu zake za zamani. Lakini tarehe zilizotugusa sisi hazikutoka kwa BlackBerry wala Nokia. Zilitoka kwa WhatsApp, iliyoiacha Symbian katikati ya 2017, ikaiacha BlackBerry mwisho wa mwaka huohuo, ikaiacha Windows Phone mwisho wa 2019. Simu ilikuwa nzima, betri inashika, kioo hakina mkwaruzo, na bado haikuwa na kazi tena.

Jambo hilo limerudiwa juzijuzi na watu hawakulitilia maanani. Kuanzia 2019 Orange iliuza barani Afrika simu ndogo iitwayo Sanza, ya vitufe, bei ya chini sana, ikitumia mfumo wa KaiOS, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba ina WhatsApp. Juni 2024 WhatsApp ikaacha kupakuliwa kwenye KaiOS, na mwanzoni mwa 2025 ikaacha kufanya kazi kabisa hata kwa waliokuwa nayo. Aliyeumia ni yule aliyenunua simu ya bei rahisi kuliko zote, na hakuna aliyemwambia dukani kwamba mlango ule ungefungwa.

Kwa nini WhatsApp iwe na nguvu hiyo? Kwa sababu hapa Lubumbashi WhatsApp ndiyo simu yenyewe. Habari ya kilio inapita huko, kwaya inapeana nyimbo huko, mwenye duka anapokea oda kutoka Kolwezi na Likasi huko, ndugu wa Bulaya (Ulaya) wanaonana na wazazi huko. Marekani kijana anashikiliwa na iPhone kwa sababu ya ujumbe wa iMessage: wenzake wanaona rangi ya ujumbe wake na kumjua hana iPhone. Serikali ya Marekani iliiingiza hoja hiyo katika kesi iliyoifungulia Apple Machi 2024. Huku kwetu kamba hiyo haipo. Hakuna anayeuliza kama una iMessage. Mwenye iPhone na mwenye Infinix wanakutana WhatsApp, wako sawasawa, na hilo linatupa uhuru wa kuchagua ambao Wamarekani wengi hawana. Tunautumia vibaya tukifuata hadhi.

Tuangalie basi hesabu ya miaka. Apple inatengeneza simu na mfumo wake pamoja, kwa hiyo masasisho yanafika siku moja kwa kila iPhone inayostahili, iwe Paris au mtaani Katuba hapa kwetu. iPhone 6 iliyotoka 2014 ilibaki na WhatsApp hadi 2025, wakati WhatsApp ilipoanza kudai iOS 15.1 (iOS ndiyo mfumo wa iPhone). Hiyo ni zaidi ya miaka kumi. Android inasafiri njia ndefu zaidi: Google inautoa mfumo, mtengenezaji wa kichakataji anaurekebisha, kisha mwenye chapa anaamua kama inamlipa kuupeleka kwenye simu aliyoiuza dola 70. Mara nyingi anaona haimlipi. Simu nyingi za bei ya chini zinazoingia hapa hubaki na mfumo uleule zilioanza nao hadi siku ya kuvunjika. Oktoba 2023 WhatsApp ilipokata simu zilizo chini ya Android 5.0, nyingi zilizoathirika zilikuwa za namna hiyo.

Ukiishia hapo, iPhone imeshinda. Lakini miaka ya simu huanza kuhesabiwa siku modeli ilipotoka kiwandani, wala haingojei siku wewe ulipoinunua. Hapo ndipo mnunuzi wetu anapodanganyika. iPhone XR ilitoka 2018. Septemba 2025 Apple ilipotoa iOS 26, XR haikuwamo tena. iPhone 8 na X ziliishia iOS 16, iPhone 7 ikaishia iOS 15, hatua moja tu juu ya mstari ambao WhatsApp imeuchora. Anayenunua iPhone 7 leo kwa sababu ni iPhone ananunua miezi. Upande wa pili, Samsung iliahidi kwamba Galaxy A16, simu ya kati iliyotoka mwishoni mwa 2024, itapata masasisho kwa miaka sita. Hiyo inafika 2030. Kwa simu zao za bei ya juu, Google tangu Pixel 8 ya 2023 na Samsung tangu Galaxy S24 ya 2024 zimeahidi miaka saba. Kwa hiyo Android mpya yenye ahadi inaishi kuliko iPhone kuukuu, na iPhone ya miaka mitatu minne inaishi kuliko Android mpya isiyo na ahadi yoyote. Mpangilio wa ubora unakatiza katikati ya mifumo yote miwili.

Kuna kingine kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko masasisho, nacho ni nani anayeimiliki simu baada ya wewe kuilipia. App Store ya Apple ilifunguliwa rasmi kwa Kongo Aprili 2020 tu, pamoja na nchi nyingine kama Zambia, Rwanda na Cameroon. Miaka yote kabla ya hapo, mwenye iPhone hapa alilazimika kufungua akaunti kana kwamba anakaa Ufaransa au Ubelgiji. Mtu wa kawaida hakujua kufanya hivyo, kwa hiyo muuzaji alimfanyia: aliweka barua pepe yake mwenyewe, akaweka neno la siri analolijua yeye, akampa mteja simu ikiwa tayari. Sababu ya kufanya hivyo iliondoka 2020, lakini mazoea yamebaki. Hadi leo wapo watu wanaotembea na iPhone ambayo akaunti yake ni ya kijana wa kibandani ambaye hawajui hata anaishi mtaa gani.

Matokeo yake ni mazito. Tangu iOS 7 ya 2013, iPhone iliyounganishwa na akaunti ya mtu na kuwashiwa huduma ya kuitafuta ikipotea (Find My) haiwezi kufutwa na kuanza kutumika upya bila neno la siri la akaunti hiyo. Kufuli lenyewe linakaa kwenye seva za Apple, nje ya simu, kwa hiyo fundi wa Lubumbashi hata awe hodari vipi hawezi kuliondoa. Kwa modeli za zamani kuna ujanja wa kulizunguka, lakini simu iliyozungukwa hivyo mara nyingi inapoteza uwezo wa kupiga na kupokea, inabaki kamera na kicheza muziki. Kufuli hilo liliwekwa ili kuwakatisha tamaa wezi, na ni jambo zuri. Kwa soko la simu za okazio, zilizotumika Bulaya na kuja kwetu kupitia Dubai au mpaka wa Kasumbalesa, linamaanisha kwamba mtu aliye mbali anaweza kuizima simu uliyoilipia. Muuzaji mwenye akaunti yako anaweza pia kuona mahali ulipo, na picha zako kama zinahifadhiwa huko. Mama anayepokea simu ya namna hiyo amempa mgeni ufunguo wa nyumba yake.

Android nayo ina kufuli lake linalodai akaunti ya zamani ya Google baada ya simu kufutwa, tangu 2015. Tofauti ni kwamba kufungua akaunti ya Google ni jambo ambalo watu wengi hapa wameshalizoea, na simu nyingi za Android hununuliwa mpya. Yeyote anayenunua iPhone iliyotumika nampa sharti moja ambalo halina mjadala: muuzaji aifute simu mbele yako, iwashwe tena ikiwa na kadi yako ya simu na mega zako (data ya intaneti), ifike hadi ukurasa wa kwanza bila kuuliza akaunti ya mtu mwingine. Kisha ufungue akaunti yako hapohapo kibandani, kwa namba yako. Kadi ya benki si lazima. Muuzaji akisema hilo litafanyika kesho, ondoka.

Suala la mafundi linafuata mkondo huohuo. Fundi wa soko la Kenya anabadilisha kioo cha Tecno au itel ukiwa umekaa kwenye benchi, na kipande kinapatikana. iPhone imejaa vipande vinavyotambuana. Kitufe chenye alama ya kidole, kuanzia iPhone 5s, kimefungwa na ubao wa simu ileile. Kikitolewa kwenye simu nyingine, alama ya kidole haisomi tena. Kuanzia iPhone 11, kioo kisichotambuliwa na Apple kinaleta ujumbe wa onyo kwenye mipangilio. Hakuna duka la Apple lenyewe popote barani Afrika. Muulize fundi unayemwamini anapata wapi vipande vya modeli unayoitaka kabla hujatoa hela.

Halafu kuna umeme. Mji huu umekaa juu ya shaba na kobalti, laini ya bwawa la Inga inaleta umeme hadi Kolwezi kwa umbali wa takriban kilomita 1,700, na bado mitaa ya Lubumbashi inajua delestaji (mgao wa umeme) kuliko inavyojua ratiba yake, kwa sababu migodi nayo inaudai umeme uleule. Katika hali hiyo betri ni kigezo cha kwanza. iPhone 8 ina betri ya mAh 1,821. Simu nyingi za Tecno, itel na Infinix zinazouzwa hapa zina mAh 5,000. Ni kweli iPhone inatumia umeme kwa uangalifu, na hesabu ya mAh peke yake haisemi yote, lakini iPhone ya miaka minane ina betri iliyochoka, na betri iliyochoka ina historia yake: Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inazipunguza kasi iPhone zenye betri zilizozeeka, ikaomba radhi na kushusha bei ya betri mpya hadi dola 29. Tangu 2018 simu yenyewe inaonyesha afya ya betri kwenye mipangilio. Ikiwa chini ya asilimia 80, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya simu. Na waya pia una maana yake. iPhone zote kabla ya iPhone 15 ya 2023 zinatumia tundu lao peke yao. Usiku wa giza, unapoomba chaja kwa jirani, utajua ni wangapi wanayo.

Mega ndipo Android inapoonyesha kwamba ilitengenezwa na kuuzwa kwa watu kama sisi. Mwanafunzi wa UNILU anampa mwenzake vitabu vya PDF kwa Xender au Bluetooth bila kutumia mega hata moja. Anaweza kumpa hata programu nzima kwa njia hiyohiyo. iPhone haipokei faili za Bluetooth kutoka Android, na programu zake kwetu zinapitia App Store tu. Simu nyingi za Android za bei ya kati zina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, zina laini mbili, na zina redio ya FM: unachomeka waya wa masikioni, unasikiliza Radio Okapi asubuhi bila kulipia chochote. iPhone haina redio hiyo. Transsion, kampuni ya Shenzhen yenye Tecno, itel na Infinix, ilijijenga barani Afrika kwa kusikiliza mambo kama haya: laini zaidi ya moja, betri ndefu, kamera zinazozipa ngozi nyeusi haki yake gizani.

Lakini uhuru huo una gharama ambayo sitaki kuifunika. Programu inayohama kutoka simu hadi simu haijulikani imetoka wapi. WhatsApp za kughushi zenye jina la GB zinapendwa sana na vijana hapa, na WhatsApp yenyewe huzifungia akaunti zinazozitumia, mbali na kwamba hakuna anayejua ujumbe wako unapelekwa wapi. Mwaka 2020 watafiti walikuta simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, Cameroon ikiwemo, zikiwa na programu haribifu tangu mpya, zikimaliza salio la watu kwa huduma ambazo hawakuziomba. Transsion ililaumu msambazaji aliyehusika katika njia ya ugavi. Kwa mtu anayetunza fedha zake M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hilo si jambo dogo. Kwa usalama, iPhone inayopata masasisho bado iko mbele, na mwandishi wa habari, wakili au mfanyabiashara mwenye siri za kutunza ana sababu ya kweli ya kuilipia. Kadhalika anayepiga video za harusi na kuziuza. Na iPhone ikitunzwa inauzika tena kwa bei nzuri kuliko Android nyingi. Hiyo ni akiba.

Wengine huniuliza ni simu ipi iliyo safi zaidi kwa upande wa madini, swali la haki kabisa katika mji ambao malori ya kobalti yanapita kila siku kuelekea Kasumbalesa. Desemba 2024 serikali yetu ilipeleka malalamiko ya jinai Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya kampuni tanzu za Apple kuhusu madini ya mashariki, na Apple ikakanusha ikisema imewaagiza wasambazaji wake wasinunue madini hayo Kongo wala Rwanda. Dai hilo lifuatiliwe mahakamani. Kibandani halisaidii, kwa maana simu za pande zote mbili zina betri na vipuri vya madini yaleyale.

Anayehama mfumo ajue pia kwamba mazungumzo yake ya WhatsApp hayahami yenyewe. Nakala ya Android inakaa Google, ya iPhone inakaa iCloud, na hazisomani. Njia rasmi ya kuhamisha kutoka Android kwenda iPhone ipo tangu 2022, lakini inataka simu zote mbili ziwe hai na iPhone iwe mpya au imefutwa. Google inatoa GB 15 za bure, Apple GB 5, na kuipandisha nakala yenye video za vikundi vya kwaya na familia kutakula forfeti (kifurushi cha mega) ya mwezi mzima. Futa video kwanza.

Kwa mwenye dola 150, jibu langu ni Android mpya ya chapa iliyoandika ahadi ya masasisho, yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Aepuke za GB 2 hata zikiwa mpya. Mwenye uwezo wa kununua iPhone isiyozidi miaka minne, na anayekaa penye umeme wa kutegemeka, ainunue bila kuogopa maneno ya watu. Huawei zilizotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya 2019 nazo zinapatikana kwa bei ya kuvutia. Hazina huduma za Google, na kwa mtu asiyejua kujitafutia programu ni usumbufu tu.

Limebaki ombi kwa ndugu walio ng'ambo. Yaya, yaani kaka au dada yako mkubwa, akikuuliza akutumie simu gani, mwambie aangalie tundu la kadi kabla ya kulipa. iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya 2022 hazina nafasi ya kadi kabisa, zinatumia eSIM peke yake, yaani kadi ya kidijitali iliyomo ndani ya simu. Kwa iPhone 17 ya 2025 ni hivyohivyo kwa zile za Falme za Kiarabu na nchi nyingine za Ghuba, maana yake hata za Dubai, ambako wafanyabiashara wetu wengi wanachukua mzigo. Zile za Ulaya bado zina nafasi ya kadi, isipokuwa iPhone Air, ambayo haina popote duniani. Kama simu imeshanunuliwa, pita kwanza kwa mtandao wako, uulize kama namba yako inaweza kuhamishiwa kwenye eSIM, na uulize pia itakuwaje siku simu itakapoharibika ukahitaji namba hiyo jioni ileile ili kutoa fedha M-Pesa.